Naombeni ushauri: programu yetu ya mikopo inamsukuma mteja achukue zaidi ya anachohitaji

FomuNyepesi
Habari zenu wakuu. Nipo kwenye timu inayotengeneza programu ya simu ya taasisi moja ya akiba na mikopo. Kazi yangu ni maneno na mpangilio: mteja anaona nini kwanza, kitufe kinasema nini, ujumbe unamfikia lini.

Kinachoninyima raha ni hiki. Mteja akifungua ukurasa wa mkopo, anakuta kiasi kimeshajazwa, nacho ni kikomo chake cha juu kabisa. Anayetaka pungufu lazima afute aandike upya, na wengi hawafuti. Bima ya mkopo nayo imeshawekewa alama ya kukubali. Kuipata hakuhitaji hata kubonyeza, kuiondoa ni mpaka upige simu usubiri.

Wakubwa wangu wanasema hiyo ndiyo sayansi ya tabia, yaani kutumia jinsi watu wanavyofanya maamuzi. Mimi naamini sayansi hiyohiyo inaweza kumsaidia mteja akamaliza deni na kuweka akiba. Nimepewa nafasi ya kutoa mapendekezo kwenye kikao kijacho. Nianzie wapi, na hoja gani itasikilizwa na watu wanaotazama mapato?

Karani Mstaafu
Mwanangu, anza na hicho kisanduku cha kiasi. Mtu akikuta namba imeshawekwa, huichukulia kama ushauri wa wanaojua.

Watafiti Madrian na Shea waliandika mwaka 2001 kuhusu kampuni moja ya Marekani. Wafanyakazi wapya walipoingizwa moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, na ruhusa ya kujitoa ikiwepo, waliochangia walifika asilimia 86. Walioajiriwa mwaka uliotangulia, ambao walitakiwa kujiandikisha wenyewe, walikuwa asilimia 49. Wengi hunukuu hapo wakaishia. Sehemu inayokuhusu wewe ni kwamba wengi wa wale wapya walibaki kwenye kiwango cha asilimia 3 ya mshahara kilichopangwa na kampuni, bila kukigusa. Kwa hiyo anayejaza kile kisanduku ndiye anayeamua deni la mteja, na kikaoni uliseme hivyo bila kuzungukazunguka.

Pendekeza kisanduku kiwe kitupu. Mteja aandike anachohitaji, kisha aone jumla atakayorudisha kwa fedha taslimu, si kwa asilimia ya riba peke yake. Watafiti Bertrand na Morse walijaribu jambo la namna hii kwa wakopaji wa mikopo ya muda mfupi Marekani: bahasha ya pesa ilichapwa gharama inavyojilimbikiza mtu akiendelea kuahirisha kulipa. Ukopaji ulipungua kwa karibu asilimia 11 katika miezi iliyofuata. Bahasha tu, wala hakuna aliyekatazwa kukopa.

Mama_Marejesho
Mimi ni mteja wa mikopo hii, sijui mambo ya tafiti. Dada au kaka FomuNyepesi, nakuomba kitu kimoja: ujumbe wa kukumbusha. Unakuja siku ya kudaiwa, wakati pesa imeshatumika. Uleteni siku pesa inapoingia. Na sisi ambao kipato chetu hakina tarehe, tuachieni tuchague siku wenyewe. Halafu useme kiasi kilichobaki na siku ya mwisho, basi. Ujumbe wa vitisho naufunga bila kuusoma.

Mpimaji
Naunga mkono hapo juu, ila FomuNyepesi usiahidi makubwa kikaoni. Wasimamizi wa huduma za fedha Uingereza walishiriki jaribio kwenye kadi za mkopo: wateja wapya wakati wa kupanga malipo ya moja kwa moja hawakuonyeshwa waziwazi chaguo la kulipa kile kiwango cha chini kabisa kinachodaiwa kila mwezi. Waliochagua kiwango hicho walipungua sana. Ukiishia hapo unasherehekea. Walipoendelea kufuatilia, madeni yenyewe hayakuwa yamepungua kwa maana yoyote. Baadhi walichagua kiasi kilichozidi kidogo tu kile cha chini, baadhi hawakupanga malipo ya moja kwa moja kabisa, na malipo ya hiari ya hapa na pale yakashuka.

Kwa hiyo msipime waliobonyeza nini. Pimeni salio la deni baada ya miezi kadhaa, na mgawe wateja kwa bahati nasibu ili muwe na wa kulinganisha nao.

FomuNyepesi
Asanteni sana, na Mama_Marejesho shikamoo, hilo la tarehe naliandika leo. Kwenye akiba je? Kuna pendekezo la kumfungia mteja pesa asiitoe mpaka muda fulani. Naogopa isije ikawa mtego mwingine.

Karani Mstaafu
Inategemea nani ameshika ufunguo. Ashraf, Karlan na Yin walifanya utafiti na benki moja Ufilipino, ukachapishwa 2006. Wateja walipewa nafasi ya akaunti isiyotoa pesa mpaka tarehe au kiasi alichojiwekea mteja mwenyewe, tena bila riba ya ziada. Asilimia 28 walikubali, na akiba zilipanda. Watu hao walijua wanachokiogopa ndani yao wakaomba kizuizi. Wengine zaidi ya asilimia 70 hawakutaka, na haki yao. Mteja achague, na dharura iwe na mlango.

Kuna na njia ya watafiti Thaler na Benartzi: mtu anakubali leo kwamba mshahara ukipanda, sehemu ya nyongeza iende akiba. Kwenye kampuni ya kwanza kuijaribu, akiba ya walioingia ilitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40, na hakuna siku waliyoona mshahara umepungua mkononi.

Mpimaji
Kuhusu watu wa mapato: Uingereza tangu tarehe 31 Julai 2023 watoa huduma wanabanwa na kanuni inayowataka wamfikishe mteja kwenye matokeo mazuri, na mwongozo wake unataka kutoka kwenye huduma kuwe rahisi walau kama kuingia. Hiyo bima yenu ya kupiga simu isingepita.

Lakini hoja yenye nguvu zaidi ipo ndani ya ofisi yenu. Kabla ya kikao nenda idara ya makusanyo, omba watenganishe waliochukua kiasi kilichojazwa na waliofuta wakaandika chao, halafu uone kundi lipi linachelewa kulipa. Waweke pia walio na kikomo sawa pamoja, la sivyo utabishiwa kwamba unalinganisha wateja wasiofanana.