Ukoo wa Bombo: stelingi ya gari la Rama

*Jumamosi*

Rama 08:14
Asalaam aleikum wana ukoo. Hili gari langu linanisumbua. Nikikata kona, na hasa usukani ukifika mwisho, pampu ya stelingi inanguruma kama ng'ombe aliyenyimwa maji. Gari likiwa limesimama ndiyo usiseme, nausukuma usukani kwa mikono miwili. Mnaonaje?

Sadiki 08:16
Waleikum salaam. Jana jirani alitoka nje akidhani tumenunua jenereta 😂

Juma Kampala 08:21
Pampu imekwisha hiyo. Mimi niko Kisekka sokoni kwenye spea sasa hivi, kuna ya mtumba, jamaa anataka laki tatu na nusu. Nikibembeleza atashuka. Nichukue?

Rama 08:22
Ngoja nikutumie hela kwa simu.

Mjomba Swalehe 08:22
Hapana. Asitume mtu shilingi.

Mjomba Swalehe 08:24
Rama mwanangu, waleikum salaam. Washa injini, zungusha usukani mara mbili tatu, fungua kifuniko cha kile kitangi cha mafuta ya stelingi, piga picha tuone.

Rama 08:35
📷 Picha

Mjomba Swalehe 08:37
Sasa tazameni wote. Mafuta ya ATF, haya ya stelingi, ni mekundu, na yanaangaza. Haya yamekuwa ya waridi na yana povu kama maziwa yanayochemka. Hiyo ni hewa. Pampu inajaribu kusukuma hewa ndiyo maana inalia, na hewa inabanyika, mafuta hayabanyiki, ndiyo maana usukani mzito. Ungefunga pampu mpya leo ingelia hivyo hivyo, na baada ya muda ingekufa kweli.

Juma Kampala 08:38
Lakini Mjomba, hakuna mahali panapovuja. Mafuta hayadondoki. Hewa itaingilia wapi?

Mjomba Swalehe 08:43
Swali zuri. Kuna mipira mitatu. Ule unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye boksi ya stelingi, ile inayogeuza magurudumu, una mgandamizo mkubwa, huo ukiwa na tundu mafuta yanatoka nje na utayaona. Ule wa kurudi kutoka boksi kwenda kitangini hauna nguvu. Ila ule mnene unaotoka kitangini kwenda kwenye pampu, pampu inauvuta. Ukilegea kidogo tu, mafuta hayatoki, hewa ndiyo inaingia. Unaweza kupangusa gari zima usione hata tone.

Mjomba Swalehe 08:44
Na Rama, ule mkubwa wa mgandamizo usiupapase kwa mkono injini ikiwaka. Tundu la sindano linaweza kupenyeza mafuta ndani ya ngozi, na hapo ni hospitali, si bandeji. Ukitafuta tundu, pitisha kipande cha boksi la karatasi.

Shangazi Halima 08:50
Nyie mnaozungumza vitangi, nani anakumbuka kwamba arusi ya Arua ni Jumamosi ijayo? Mchele nani ananunua?

Sadiki 08:51
Shangazi tunakuja huko, gari kwanza 🙏

Rama 09:20
Mjomba, nimeangalia mpira wa kuvuta. Yule fundi aliyenisaidia nilipobadilisha injini ameuunga katikati kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Moja inazunguka kwa vidole.

Mjomba Swalehe 09:22
Alhamdulillah, mwizi wa kwanza ameonekana. Kitangi chenyewe kimekaa wapi?

Rama 09:24
Nilipoweka injini ya dizeli ya Toyota, ile 3L, kwenye hii chesisi ya Hilux, nafasi ilikuwa hamna, akakifunga chini, karibu usawa wa pampu. Ni cha gari dogo.

Mjomba Swalehe 09:28
Kipandishe. Kiwe juu ya pampu ili mafuta yashuke yenyewe. Mpira wa kuvuta uwe kipande kimoja, mnene, mfupi, wa kuvumilia mafuta na joto. Usiweke wa maji ya redieta. Na uangalie ule wa kurudi unamwaga wapi ndani ya kitangi. Ukimwagia juu ya mafuta unatengeneza povu mwenyewe, tena tangi dogo halipi povu muda wa kutulia.

Juma Kampala 09:30
Basi nachukua mpira badala ya pampu. Elfu ngapi nitaona.

Mjomba Swalehe 09:31
Chukua na ATF lita mbili. Si mafuta ya breki! Nimewahi kuona mtu anaweka, sili zote zikavimba.

Rama 15:02
Nimefunga. Sasa natoa hewa vipi? Niwashe tu?

Mjomba Swalehe 15:06
Usiwashe. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, si mawe. Injini ikiwa imezimwa, Sadiki azungushe usukani polepole toka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, wewe unaongeza mafuta yakishuka. Rudieni mpaka mapovu yaishe kupanda. Ndipo uwashe, aendelee polepole. Asiushikilie mwisho zaidi ya sekunde chache, hapo vali ya pampu inafunguka na mafuta yanachemka bure.

Sadiki 15:50
Mikono yangu imekwisha. Nyama ya nani leo?

Rama 16:10
Mjomba!! Kimya kabisa. Mafuta mekundu safi 🙌🙌

Mama Zaina 16:11
Mashallah. Sasa mchele.

Rama 16:25
Ila bado kuna kitu. Kelele imeisha, lakini usukani unashika na kuachia, mara mbili kila mzunguko. Mwepesi, mzito, mwepesi, mzito.

Juma Kampala 16:27
Boksi hiyo. Au matairi, inchi 33 si mchezo.

Mjomba Swalehe 16:31
Matairi makubwa yanaufanya mzito wakati wote. Kitu kinachorudi mara mbili kwa mzunguko ni krosi, kile kiungo kinachopinda cha shafti ya usukani. Injini imezimwa, mbele bado juu, fungua shafti pale chini kwenye boksi uzungushe usukani peke yake. Ukiendelea kushika, ni krosi. Ukiwa laini, unashuka: fungua rodi kwenye mkono wa boksi, utajua kama ni boksi au ni ekseli. Usibadilishe kitu kabla hujakitenganisha na mwenzake.

Rama 17:05
Krosi. Imeshika kutu, na imekaa kwa pembe kali kwa sababu ya injini mpya. Kesho natafuta nyingine.

*Jumapili*

Rama 13:40
Krosi imeingia. Usukani laini kidole kimoja. Lakini Mjomba, sasa kelele haipo, nasikia kitu kingine. Sadiki akitikisa usukani kushoto kulia gari limesimama, kuna tk, tk.

Mjomba Swalehe 13:42
Ingia chini uitazame boksi yenyewe, si rodi. Inacheza?

Rama 13:44
Boksi na chesisi vinacheza pamoja.

Mjomba Swalehe 13:44
Pangusa grisi kwa petroli kidogo, injini izimwe, halafu tumia tochi. Tazama kuzunguka bolti.

Rama 14:01
📷 Picha

Rama 14:01
Ufa. Kuanzia tundu la bolti ya juu kwenda pembeni. Urefu wa kidole changu cha kati.

Juma Kampala 14:03
Banange.

Mjomba Swalehe 14:10
Hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi tangu jana. Matairi hayo, ekseli ya Land Cruiser, na chesisi ya Hilux ile nyembamba, kila ukizungusha usukani penye mawe boksi inajaribu kung'oa chuma. Usiburute moto juu ya ufa tu ukaita ni kuchomelea. Boksi itoke, toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, chomelea, halafu bamba nene ndani na nje, na bomba la kupita ndani kwa ajili ya bolti ili zikikazwa chesisi isibonyee. Tafuta mtu anayechomelea chesisi za malori, si wa madirisha.

Rama 14:12
Kwa hiyo safari ya Arua Ijumaa…

Mjomba Swalehe 14:13
Ukiwa njiani pale Karuma, mtelemko ule wa kwenda darajani, boksi ikaachia? Hapana. Gari halitoki uani.

Sadiki 14:14
Tutaendaje sasa?

Shangazi Halima 14:16
Basi. Mimi nilishakata tiketi yangu tangu Alhamisi. Mchele kilo 50 nimenunua, nani anabeba?