Mjadala: Treni ya Syokimau ikimbie kutwa, au ibaki ya wafanyakazi wa ofisini tu?

Ndugu zangu wa Syokimau, Mlolongo na Katani, pamoja na nyinyi wa Imara Daima na Makadara, hili naomba tulijadili waziwazi. Msimamo wangu nautoa mapema: treni yetu ya kutoka Syokimau hadi katikati ya Nairobi ikimbie kuanzia alfajiri hadi usiku, Jumapili ikiwemo, na pesa za reli zianzie hapo kabla ya kufika kwenye majengo mapya ya katikati ya jiji.

Rais Mwai Kibaki alipofungua stesheni ya Syokimau Novemba 2012, ahadi ilikuwa mtu aache gari lake pale aingie mjini bila kukesha kwenye foleni ya Mombasa Road. Mwaka 2017 SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ikaanza, stesheni yake kuu ya Nairobi ikiwa hapa hapa kwetu, na treni ya mtaani ikapewa kazi ya kuwafikisha abiria wa Mombasa mjini. Mwaka 2020 zikaletwa treni za dizeli zilizokuwa zikitumika kisiwani Mallorca, Uhispania. Hizo zina chumba cha dereva kila upande, hivyo zikifika mwisho wa safari hazihitaji kuzungusha kichwa cha treni. Dereva anahamia upande wa pili, safari inaanza. Treni za namna hiyo zimeundwa kwenda na kurudi siku nzima.

Lakini ratiba imepangwa kwa kuwafikiria watu wawili tu: anayeingia ofisini asubuhi na kutoka jioni, na msafiri wa SGR. Wengine je? Jirani yangu anauza mboga karibu na barabara ya Katani. Hutoka usiku kwenda soko la Marikiti mjini, na kufikia saa moja asubuhi ameshanunua. Soko hilo na stesheni kuu ya reli ya mjini ni mwendo wa miguu. Hata hivyo hurudi kwa matatu, gunia la sukuma wiki likilipiwa kama abiria na kreti ya nyanya ameipakata, akisubiri gari lijae ndipo liondoke. Mvua ikinyesha nauli inapanda na hana wa kumlalamikia. Saa hiyo hiyo treni zimeshashusha watu mjini na mabehewa ni matupu. Yangeweza kumrudisha yeye na mzigo wake.

Fikirieni pia vijana wa viwandani. Makadara na Imara Daima ziko pembeni mwa Industrial Area, na zamu za viwandani hubadilishwa hata saa nane mchana na saa nne usiku. Wengi wao hutembea kwa miguu kwenda Mukuru na Pipeline kwa sababu nauli ya matatu kila siku inamaliza kibarua. Hao ndio abiria wa reli hasa, na ndio ratiba imewasahau.

Wanaopinga husema mchana hakuna abiria, treni itakula hasara. Siikubali hoja hii. Huwezi kuhesabu watu wanaongojea treni isiyokuwepo kisha ukasema hawapo. Mtu huzoea usafiri anaoukuta kila akifika, na akishaukosa mara mbili tatu anarudi steji ya matatu moja kwa moja.

Hoja nzito ni ya reli yenyewe, na hii naiheshimu. Tunatumia reli ya upana wa mita moja, ukoo wa ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, na njia ni moja. Treni mbili zinazokuja zikikabiliana lazima moja ingoje kwenye njia ya kupishania, kwa hiyo umbali kati ya sehemu hizo ndio unaoamua treni ngapi zinaweza kupita kwa saa. Isitoshe, treni za Embakasi Village nazo zinapita reli hiyo hiyo hadi Makadara. Sasa kama tatizo ni hilo, dawa yake inajulikana: njia za kupishania ziongezwe, na ishara ziwe za kisasa. Hiyo ni kazi ndogo ukiilinganisha na Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022 juu ya vichwa vyetu, ambayo mwenye gari hulipia kila akipita na mtembea kwa miguu haimfai kitu.

Kuhusu ajira za matatu, sioni zikifa. Stesheni yenye treni kila baada ya muda mfupi inahitaji magari ya kuwasambaza watu Katani na Mlolongo mchana kutwa. Leo hii tuk-tuk na boda hupata riziki treni ikiingia, kisha hukaa saa nyingi bila kazi.

Desemba 2022 jiwe la msingi la Nairobi Railway City, mradi wa stesheni kuu mpya na majengo katikati ya jiji, liliwekwa. Na tangu 2013 bidhaa zinazoingizwa nchini hutozwa tozo ya maendeleo ya reli, ambayo mama wa mboga naye huilipa kupitia bei za dukani, awe amepanda treni au hajawahi. Wanaotaka stesheni kuu mpya itangulie, nawaomba mnijibu: ikishakamilika, mtu wa Makadara anayetoka zamu saa nne usiku atapanda nini pale?