Nimelipia gari, muuzaji hataki kuliachia: nidai gari au nidai pesa?

Kutoka: Dada wa Reading
Jumapili, 14 Septemba 2025

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa nyote.

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti nilinunua Mazda iliyosajiliwa mwaka 2018 kutoka kwa mtu binafsi aliyeitangaza mtandaoni, kwa pauni 6,400, nikikusudia kumpelekea kaka yangu Mombasa aifanyie kazi. Nilihamisha pesa kwa simu nikiwa nimesimama uani kwake. Akanipa ufunguo mmoja pamoja na kile kijikaratasi cha kijani cha V5C, hati ya usajili wa gari, kisha akaniomba gari libaki hadi Jumatatu ili atoe kiti cha mtoto na vitu vya mkewe. Nilikubali, kwa sababu kiti chenyewe nilikiona kwa macho yangu, makombo ya biskuti yakiwa yamejaa kwenye mishono yake.

Jumatatu hakupokea simu. Baada ya wiki akaniandikia kwamba gari lina deni la fainensi ambalo lazima alimalize kwanza. Siku mbili baadaye akasema mkewe hakuridhia mauzo. Pesa hazirudishi na gari haliachii. Polisi wamenieleza kuwa hilo ni suala la madai, si jinai, na benki yangu imenijibu kwamba huo ni mgogoro kati ya mnunuzi na muuzaji.

Naomba ushauri wa mambo mawili. Kwanza, nimshitaki nani? Akaunti niliyolipa si yake bali ni ya mkewe. Benki ilinitahadharisha kwamba jina halilingani, naye akanituliza, nikaendelea. Pili, nikidai pesa, je, nitakuwa nimeachia haki yangu juu ya gari? Mnaijua kanuni ya miaka minane ya Kenya: gari la 2018 lisipofika Kilindini kabla ya mwisho wa Desemba mwaka huu halitapokelewa, na meli yenyewe hukaa baharini majuma kadhaa.

Kutoka: Kaka wa Leicester
Jumapili, 14 Septemba

Pole sana, dada. Usimbembeleze tena; ingia MCOL, tovuti ya mahakama ya kudai pesa, usiku huu huu. Kwa dai lililo kati ya pauni 5,000 na 10,000 ada ni pauni 455, ambayo utaijumlisha kwenye dai pamoja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka chini ya kifungu cha 69 cha sheria ya mahakama za kaunti, yaani takriban pauni 1.40 kila siku anayokuchelewesha. Akishapelekewa hati ana siku 14 za kujibu, au 28 akirudisha ile ya kukiri kupokea, na akinyamaza unaomba hukumu papo hapo.

Mimi niliwahi kulipia cherehani mbili za kiwandani, na mwenyewe akawa kila nikipiga simu ana mgonjwa hospitalini. Sikumwandikia barua hata moja. Nilipata CCJ, yaani hukumu ya mahakama ya kaunti, bila kuiona sura ya hakimu, nikajaza N323, fomu ya kuomba hukumu itekelezwe, na dalali wa mahakama alipogonga mlango yule bwana alilipa pale pale mlangoni, nusu kwa kadi na nusu kwa noti alizozitoa kwenye kopo la maziwa ya unga.

Kutoka: Mwalimu wa Cardiff
Jumatatu, 15 Septemba

Kaka wa Leicester, kwa heshima zote, unampoteza dada yetu katika mambo matatu, na hana muda wa kupotezewa.

Kufungua dai bila barua ya kabla ya madai ni kosa. Mwongozo wa mahakama unataka mdaiwa aandikiwe, aelezwe kiasi na sababu, na apewe muda wa kutosha kujibu, ambao kwa jambo jepesi kama hili ni siku 14. Wewe ulinusurika kwa kuwa mwenzako hakujitetea. Angejitetea, hakimu angekuuliza barua iko wapi, na angeweza kukuadhibu kwenye gharama.

Pili, N323 haimfai. Nadhani cherehani zako hazikufika pauni 5,000. Hukumu inayozidi kiasi hicho haitekelezwi na madalali wa mahakama ya kaunti kwa kukamata mali. Huhamishiwa Mahakama Kuu kwa fomu ya N293A, na wanaokwenda mlangoni ni maofisa wengine, wenye gharama nyingine.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu zaidi, MCOL ni ya pesa peke yake. Anayetaka gari lenyewe hupitia fomu ya madai ya N1, ya karatasi, akiegemea sheria ya mwaka 1977 inayohusu mtu anayezuia mali ya mwenzake. Asihangaike sana na sheria ya haki za mlaji ya 2015, kwa kuwa muuzaji si mfanyabiashara. Tegemeo lake ni ile ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1979, ambayo inamtaka hata muuzaji binafsi akabidhi alichouza. Dada, fanya pia HPI leo, ule ukaguzi wa kuona kama gari lina deni. Deni hilo la fainensi likiwa la kweli, sheria ya mwaka 1964 inamlinda mnunuzi binafsi aliyenunua kwa nia njema bila kujua, kwa hiyo hifadhi ule ujumbe wake unaoonyesha kwamba ulielezwa habari za deni baada ya kulipa, si kabla.

Kutoka: Kaka wa Glasgow
Jumatatu, 15 Septemba

Mbona mnampa njia ndefu? Simple Procedure, njia ya madai madogo ya huku Uskoti, ni nyepesi mno. Unajaza fomu 3A, unaipeleka mahakama ya sherifu, na wala huhitaji wakili. Nilimrudisha mtu kwenye mstari kwa njia hiyo baada ya kunikalia na jokofu nililokwisha kulilipia tangu mwezi wa Ramadhani.

Kutoka: Kaka wa Leicester
Jumatatu, 15 Septemba

Reading haiko Uskoti, ndugu yangu. Na hata ingekuwa huko, Simple Procedure inaishia pauni 5,000, na dai la dada ni 6,400. Tusome swali kabla ya kujibu. Kuhusu barua nakubaliana na Mwalimu, ingawa angeweza kunisahihisha bila kunifanya mfano wa darasani.

Kutoka: Baba wa Milton Keynes
Jumatatu, 15 Septemba

Ufunguo anao, kijikaratasi anacho, na gari liko uani. Kwa nini asiende alfajiri akaliwasha akaondoka nalo? Mali ni yake.

Jambo hili linaniumiza kwa sababu tunalipa ada juu ya ada katika nchi inayojisifu kwa sheria, ilhali kwetu Kenya mahakama ya madai madogo iliyoanza kazi mwaka 2021 hupokea madai hadi shilingi milioni moja, na sheria yenyewe inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Hapa dada akipewa tarehe ya kusikilizwa kabla ya Pasaka atashukuru.

Kutoka: Bibi wa Leyton
Jumanne, 16 Septemba

Wanangu, salaam. Msimtume binti wa watu uani kwa mtu alfajiri. Mwenye nyumba atapiga simu polisi, atasema anaibiwa, na wakati huo dada yetu atajikuta ndiye anayeeleza, gizani, kwa lugha ya watu, akiwa na ufunguo mkononi. V5C si hati ya umiliki. Imeandikwa hivyo juu yake yenyewe. Afadhali aende mchana, asimame barabarani, apige picha ya gari na namba yake, arudi nyumbani.

Mimi nililipia seti ya vyombo vya shughuli, masufuria makubwa na sinia, kwa mwanamke aliyekuwa anahama. Nilishinda. Hukumu nilikuwa nayo mkononi, na mwaka mzima sikuona hata senti. Hakuwa na mshahara wa kukatwa kwa fomu ya N337, wala nyumba ya kuwekewa zuio. Nilimwita mahakamani kwa N316 akaapishwa aeleze alichonacho, akataja kitanda na televisheni. Lakini hukumu isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hukaa kwenye rejista miaka sita, na katika mwaka wa tatu alitaka kukopa, akakataliwa, akanitafuta mwenyewe. Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kutoa hizo 455, na nyingine 346 za siku ya kusikilizwa, jiulize huyu bwana ana nini. Kama kipato chako ni kidogo, jaza EX160 upunguziwe ada au usamehewe.

Kwetu Tanga ningekwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Angemwita muuzaji barazani baada ya alasiri, majirani wakisikia, na kahawa isingepoa kabla gari halijatoka. Haya si maneno ya kukusaidia, najua, lakini jana usiku nilipokusoma ukisema ulikubali kwa sababu ya kiti cha mtoto, ndivyo nilivyokumbuka.

Kutoka: Mama wa Slough
Jumanne, 16 Septemba

Shikamoo Bibi. Dada, usiliache jibu la benki hivi hivi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinawajibika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000, alimradi alilipa kutoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti ya Uingereza na amedai ndani ya miezi 13. Mgogoro wa kawaida wa biashara haumo. Kinachotenganisha hayo mawili ni nia yake siku ile: kama hakuwa na nia ya kukupa gari tangu mwanzo, huo ni utapeli, na sababu zake zinazobadilika kila juma ni ushahidi wa kuwaonyesha. Ukweli ni kwamba onyo la jina kutolingana watalitumia dhidi yako, lakini benki haiwezi kukunyima kwa onyo peke yake. Inapaswa kuonyesha kwamba ulizembea kupita kiasi. Andika malalamiko rasmi, na wakikukatalia peleka FOS, ofisi huru inayoamua malalamiko dhidi ya benki, ambako mlalamikaji halipi kitu.

Kutoka: Kaka wa Glasgow
Jumanne, 16 Septemba

Nakubali kusahihishwa juu ya Uskoti. Ila nauliza, kwa nini mtu apeleke gari la 2018 Mombasa mwezi wa Desemba? Sisi wa Dar hatuna marufuku ya umri, tuna ushuru wa uchakavu tu. Kaka yake angekuja kulichukua Dar.

Kutoka: Mwalimu wa Cardiff
Jumanne, 16 Septemba

Gari likisajiliwa Kenya ndipo sheria ya Kenya inapolikuta, lipitie Dar au lipitie mbinguni. Tafadhali turudi kwenye barua. Dada, taja tarehe ya malipo, kiasi, namba ya gari, maneno aliyoandika kuhusu fainensi na kuhusu mkewe, na siku ya mwisho ya kujibu. Sema wazi kwamba uko tayari kwa usuluhishi, kwa sababu tangu Mei 2024 madai madogo ya pesa hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi wa simu wa saa moja usio na malipo. Mpatanishi atakupigia wewe, kisha atampigia yeye, hamtasikiana sauti. Nilipopitia huko kwa ajili ya kinanda cha binti yangu, nilipata robo tatu ya pesa zangu.

Kutoka: Dada wa Reading
Alhamisi, 18 Septemba

Bibi shikamoo, na wengine nyote nawashukuru kwa dhati. HPI imetoka safi: gari halina deni lolote la fainensi. Kwa hiyo lile alilonieleza lilikuwa uongo, na nimeambatisha ripoti hiyo kwenye malalamiko niliyoyatuma benki asubuhi ya leo. Jana mchana nilisimama barabarani kama Bibi alivyoniusia, nikapiga picha tatu. Gari lipo pale pale, limeoshwa, na kiti cha mtoto bado kimefungwa nyuma.

Barua nimeiandika kurasa mbili. Nimempa hadi tarehe 3 Oktoba, na nimemtaka akabidhi gari au arudishe pauni 6,400, achague. Nitaipeleka posta leo na kuchukua kile cheti cha kuthibitisha kuwa nimetuma, ambacho hakina malipo. Kaka yangu nimemwambia asilipe tena amana ya wakala wa Kilindini.

Bado sijaandika jina juu ya bahasha. Je, niandike la mume peke yake, ambaye nilizungumza naye na kupatana naye bei, au na la mke, ambaye pesa ziliingia kwake na sijawahi kumwona? Posta ya hapa kwetu inafungwa saa kumi na moja na nusu.