ULINGANISHO: Boston, Phoenix au Oklahoma City, nani kaenda vizuri na kikomo cha mishahara NBA (ligi ya kikapu ya Marekani)?

Kikapu_Upanga (mleta mada)

Wakuu salaam. Kwenye uzi wa fainali watu walianza kubishana kuhusu pesa hadi mechi yenyewe ikasahaulika, nikaona nifungue uzi wake tumalizane hapa.

Majira ya joto ya 2025 timu tatu zilikaa mezani na swali moja, mishahara, zikatoka na majibu matatu tofauti.

Boston waliuza. Mabingwa wa 2024 hao, wakampeleka Jrue Holiday Portland na Kristaps Porzingis Atlanta, huku Al Horford na Luke Kornet wakijiondokea. Phoenix walinunua mkataba wa Bradley Beal ili aondoke, kisha deni lililobaki wakaligawa kwa miaka mitano. Oklahoma City (OKC), mabingwa wapya, wakawafunga nyota wao watatu kwa mikataba mipya mwezi uleule wa Julai: Shai Gilgeous-Alexander miaka 4 kwa dola milioni 285, Chet Holmgren na Jalen Williams miaka 5 kila mmoja kwa kiwango cha juu wanachoruhusiwa.

Kwa wageni, namba za msimu wa 2025-26 ni hizi. Kikomo cha mishahara, yaani jumla ya mishahara ya timu kwa msimu, ni dola milioni 154.6. Kodi ya anasa, ile timu inayotozwa ikilipa mishahara mikubwa mno, inaanzia milioni 187.9. Juu yake kuna mistari miwili inayoitwa eproni, wa kwanza milioni 195.9 na wa pili milioni 207.8. Kikomo chenyewe ni laini, kuna milango kadhaa ya halali ya kukipita. Kinachouma ni eproni.

Ungekuwa meneja mkuu ungefuata njia ipi? Hoja jamani, si ushabiki. Mimi naegemea Boston.

Mzee_wa_Ribaundi

Mkuu unalinganisha wagonjwa wawili na mtu mzima wa afya. OKC hawakuwa na tatizo lolote 2025. Jalen Williams alikuwa anakula takriban milioni 6.6 kwa msimu, Holmgren milioni 13.7. Mikataba ya chipukizi wa drafti hiyo, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka. Nyongeza zao za mikataba zinaanza 2026-27, ya Shai inaanza 2027-28. Tukutane hapo.

DadaWaMkole

Samahani wakuu, mie nafuatilia mechi tu, haya ya mikataba yananipita. Wenye timu si ni mabilionea? Kwa nini wasilipe hiyo kodi yakaisha?

Mhasibu_Tanga

Dada, swali lako ndilo mzizi wa mambo yote. Zamani walikuwa wanalipa na yanaisha. Golden State walipochukua ubingwa 2022 walilipa kodi ya dola milioni 170 hivi, achilia mbali mishahara yenyewe. Mwenye timu akikubali kuumia mfukoni, kocha anapata kikosi anachotaka. Wenzao wakalalamika, na mkataba wa pamoja wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukaleta eproni ya pili.

Kodi bado ipo, na kwa anayerudia ni kali: ukiilipa misimu mitatu kati ya minne iliyotangulia, dola ya kwanza tu juu ya mstari unailipia dola tatu, na inazidi kupanda. Lakini tajiri huwezi kumtisha kwa pesa, ndiyo maana eproni ya pili inafunga mikono ya meneja. Ukiwa juu yake huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili umpate mmoja mkubwa. Huruhusiwi kupokea mshahara mkubwa kuliko uliotoa, wala kutuma fedha taslimu kwenye tredi, yaani mnapobadilishana wachezaji. Ile nafasi ya milioni 5.7 ya kusajili mchezaji wa ziada nayo inafutwa. Na chaguo lako la raundi ya kwanza ya drafti la miaka saba mbele linagandishwa, ukiendelea kukaa juu linasukumwa mwisho wa raundi.

Yaani unabaki na kikosi ulichonacho na wachezaji wa kima cha chini. Kikosi kikiwa kibovu huna pa kutokea.

DadaWaMkole

Aisee. Sasa naelewa kwa nini Phoenix walikuwa kama wamepigwa gundi.

Nyali_Baller

Hapo kwa Phoenix wacha niwatetee kidogo, maana hapa kila mtu anawapiga mawe. Walimchukua Beal Juni 2023, kabla meno ya hizo sheria hayajaota vizuri. Kosa kubwa halikuwa lao, lilikuwa la Washington, waliompa 2022 milioni 251 kwa miaka mitano pamoja na haki ya kukataa kupelekwa popote. Phoenix walirithi hiyo haki. Walipotaka kumtoa, Beal ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

Mhasibu_Tanga

Kurithi ni pale anapokufa mtu, boss. Wao walisaini karatasi wakiwa hai na akili timamu, wakaiona haki hiyo imeandikwa.

Ila hesabu ya kutoka kwake inafaa kuangaliwa. Beal alikuwa anadai milioni 110.8 kwa misimu miwili. Akakubali kuacha milioni 13.9, ikabaki karibu milioni 97. Sheria inakuruhusu kunyoosha malipo kwa miaka iliyobaki mara mbili, ongeza mmoja. Miwili mara mbili ni minne, na mmoja ni mitano. Gawanya: milioni 19.4 kila msimu kwenye vitabu vya Phoenix hadi 2029-30, kwa mtu anayechezea timu nyingine. Beal alikwenda Clippers kwa milioni 11 za miaka miwili.

Wamepata nini? Wameshuka chini ya eproni ya pili, mikono ikafunguka. Wamelipia uhuru wa leo kwa nafasi ya mchezaji mzuri mmoja kila mwaka kwa miaka mitano.

Nyali_Baller

Na Milwaukee je? Mbona hawatajwi? Damian Lillard alikatika kano ya kisigino Aprili 2025, Julai wakamwachia, wakanyoosha milioni 113 kwa hesabu hiyohiyo. Milioni 22.5 kila msimu. Yeye huyo akarudi Portland kwa milioni 42 za miaka mitatu, analipwa na timu mbili akiwa amekaa anauguza mguu. Hakuna timu iliyowahi kunyoosha mkataba mkubwa kiasi hicho.

Kikapu_Upanga

Milwaukee nawaelewa zaidi kuliko Phoenix. Walipata nafasi ya kumsajili Myles Turner palepale, na walikuwa na nyota wao Giannis wa kumridhisha. Unaweza kubisha kama Turner anatosha, lakini kuna kitu mkononi.

Turudi Boston. Sababu yangu ni kwamba waliuza wakiwa bado na cha kuuza. Jayson Tatum aliumia kisigino Mei 2025 mbele ya New York, msimu uliofuata ulishaharibika. Wangebaki na kikosi kilekile, mishahara pamoja na kodi ilikadiriwa kupita nusu bilioni ya dola. Nusu bilioni kwa timu ambayo nyota wake amevaa buti la hospitali! Holiday alikuwa amebakiza milioni 104 za miaka mitatu naye ana umri wa miaka 35. Wakambadilisha na Anfernee Simons, milioni 27.7 za msimu mmoja tu. Kwa msimu ule wameokoa chini ya milioni 5 za mshahara, lakini kwa timu inayorudia kodi kila dola hapo ilikuwa inabeba dola kadhaa za kodi mgongoni. Halafu ile miaka miwili ya mwisho imefutika.

Na hawakugusa Tatum wala Jaylen Brown.

Mzee_wa_Ribaundi

Walioondoka ndio walioshinda ubingwa lakini. Brown na Tatum walikuwepo miaka yote bila kombe, kombe likaja Holiday na Porzingis walipofika. Wewe umeangalia daftari, mimi nimeangalia uwanja.

Lushois

Bandugu, jambo. Niko mtu wa Lubumbashi, mtanivumilia.

Ninyi mnasema juu ya mastaa wa milioni 50. Mimi nataka kusema juu ya mtoto wa kwetu, Bismack Biyombo. Mwaka 2016 alikuwa Toronto kwa mkataba mdogo, hata milioni 3 kwa msimu haufiki. Fainali ya Mashariki, mechi ya tatu na Cleveland ya LeBron, akakamata ribaundi 26. Rekodi ya timu ile. Watu wote Toronto wakasema abaki, abaki. Atabaki namna gani? Alikuwa na timu msimu mmoja tu. Orlando wakampa milioni 72 za miaka minne.

Mwaka ule kikomo kiliruka kutoka milioni 70 kwenda 94 mara moja, sababu ya pesa ya televisheni. Kila mtu alikuwa na nafasi, kila mtu akanunua. Lakers wakampa Timofey Mozgov milioni 64. Na 2018 Orlando na Charlotte wakabadilishana Biyombo kwa Mozgov, mikataba miwili ya kiangazi kile kile, kila moja ikitafuta kutua mzigo wake.

Simlaumu Biyombo hata kidogo. Alipokuwa Phoenix alitoa mshahara wake wa msimu mzima kujenga hospitali kwetu kwa kumbukumbu ya baba yake.

Kikapu_Upanga

Karibu sana ndugu. Na kuruka huko kwa 2016 ndiko kulikowapa Golden State nafasi ya kumsajili Kevin Durant. Nyota wao Curry alikuwa bado kwenye mkataba wa milioni 44 za miaka minne, aliosaini wakati vifundo vya miguu vinamsumbua. Siku hizi kikomo hakiruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata na ule mkataba mpya wa matangazo wa dola bilioni 76.

Mhasibu_Tanga

Lushois amegusa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hizo njia tatu za mleta mada: haki za Bird. Zimepewa jina la Larry Bird wa Boston. Mchezaji akikaa misimu mitatu bila kuhama kama mchezaji huru, timu yake inaweza kumlipa hadi kiwango chake cha juu hata kama imeshapita kikomo. Akikaa msimu mmoja tu, unaweza kumwongezea asilimia 20 ya alichokuwa anapata, basi.

Bruce Brown alikumbana na hilo. 2022 alikwenda Denver kwa milioni 6.5, akacheza vizuri mno, wakachukua ubingwa 2023. Kupitia haki yao Denver waliweza kumpa takriban milioni 7.8. Indiana wakaja na milioni 45 za miaka miwili, mwaka wa pili ukiwa hiari ya timu, yaani timu ndiyo inayoamua kama uendelee. Watu wakawacheka Indiana, eti milioni 22 kwa mchezaji wa kusaidia.

Miezi sita baadaye, Januari 2024, mshahara huohuo wa milioni 22 ndio uliokwenda Toronto kulinganisha hesabu, na Pascal Siakam akaja Indiana. Siakam huyo ndiye MVP (mchezaji bora) wa fainali ya Mashariki 2025, na Indiana wakawafikisha OKC mechi ya saba ya fainali ya ligi.

Timu iliyopita kikomo haiwezi kununua mtu kwa pesa taslimu, inanunua kwa mishahara. Ukiwa na wachezaji watatu wa milioni 50 na wengine wote wa kima cha chini, kama Phoenix, huna cha kulinganisha. Mikataba ya milioni 10 hadi 25 ndiyo inayosogea. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza Boston au OKC, nitauliza nani amebakiza mikataba ya katikati.

Nyali_Baller

Hiyo nimeikubali bila ubishi. Ndiyo maana Golden State walivutana na Jonathan Kuminga majira yote ya joto 2025. Mtoto wa Goma huyo, Lushois. Alikuwa mchezaji huru mwenye vizuizi, yaani timu yake ina haki ya kulingana na ofa ya timu nyingine; akikubali ofa ya kawaida anapata kama milioni 8, msimu ukiisha anaondoka zake. Timu ilitaka mshahara mkubwa zaidi lakini mwaka wa pili ubaki mikononi mwao. Akasaini mwishoni mwa Septemba kwa milioni 22.5 msimu wa kwanza, mwaka wa pili hiari ya timu. Hata kocha asipompanga, huo mshahara una thamani kwenye tredi.

Lushois

Ndiyo, na kijana anajua. Analipwa kama mchezaji, anahesabiwa kama noti. Si vizuri sana kwa roho ya mtu.

DadaWaMkole

Je, wachezaji hawawezi kuamua kuchukua kidogo ili timu ipumue?

Kikapu_Upanga

Jalen Brunson wa New York alifanya. 2024 alisaini milioni 156.5 kwa miaka 4. Angesubiri mwaka mmoja angeweza kuchukua milioni 269 kwa miaka 5. Msimu uleule wakamleta Karl-Anthony Towns.

Mhasibu_Tanga

Lakini msimfanye mtakatifu. Ana uwezo wa kuondoka kwenye mkataba huo 2028, akiwa ametimiza miaka 10 ya ligi, na hapo anaweza kudai asilimia 35 ya kikomo badala ya 30. Alikopesha, hakutoa sadaka. Na alikopesha akiwa na uhakika wa pesa mfukoni endapo goti litamsaliti.

Mzee_wa_Ribaundi

Haya, tufunge hesabu ya OKC basi kwa kipimo cha Mhasibu. Mikataba ya katikati wanayo: Isaiah Hartenstein alisaini milioni 87 za miaka mitatu, mwaka wa tatu hiari ya timu. Luguentz Dort naye mwaka wake wa mwisho ni hiari ya timu. Yote miwili inaangukia 2026-27, msimu uleule nyongeza za Holmgren na Williams zinapoanza. Sam Presti, meneja wao mkuu, alipanga hivyo akijua.

Na wana machaguo ya drafti ya kujaza chini. Jalen Williams mwenyewe alipatikana 2022 kwa chaguo la Clippers lililotokana na tredi ya Paul George ya 2019, ileile iliyomleta Shai.

Kikapu_Upanga

Presti huyohuyo alimtoa nyota James Harden 2012 kwa tofauti ya milioni chache za mkataba.

Mzee_wa_Ribaundi

Ndiyo maana safari hii amelipa wote watatu ndani ya mwezi mmoja. Kura yangu OKC. Boston wa pili. Phoenix nitawahesabia nikiona mwaka 2030 umefika salama.

Nyali_Baller

Mimi Boston. Kuwafunga vijana uliowapata kwenye drafti kila meneja angefanya. Kuvunja kikosi cha ubingwa mwaka mmoja baada ya kombe, huku mashabiki wanakutukana, hapo ndipo unahitaji moyo.

DadaWaMkole

Na Hartenstein wakimwacha, nani atacheza sentha siku Holmgren akiumia?

Mzee_wa_Ribaundi

Dada, hilo ndilo swali ambalo Presti naye anawalipa watu mshahara walijibu. Mimi ningembakiza kwa mkataba mrefu zaidi wenye mshahara mdogo wa mwaka, nimtoe Dort. Najua mtanishambulia.

Nyali_Baller

Umtoe Dort? Subiri nifungue uzi mwingine.