Hoteli za reli Kanada: unaweza kuingia bila kulala?

mzururaji: Wakuu habari, mimi na wife tunashuka Calgary mwezi wa tisa na tunataka kuiona Banff Springs, ile hoteli kama kasri iliyojengwa na kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Bei ya chumba nimeiona nikafunga simu 😂 Mtu anaruhusiwa kuzunguka tu au watatutimua? Na treni inafika?

bibi_wa_alberta: Ingieni tu, nunueni kahawa mkae mtazame mto Bow na milima. Ila mjue sio yote ni ile ya 1888, ile ya mbao iliungua 1926 ndo wakajenga mabawa mapya ya mawe yakaisha 1928. Treni sahau kabisa, VIA Rail, ile kampuni ya treni za abiria ya Kanada, haipiti Banff tangu 1990, imebaki ile ya kitalii Rocky Mountaineer na nauli yake ni kilio, pandeni basi.

kaka_reli: Ule ulikuwa ujanja wa biashara tu, Van Horne bosi wa reli alikuwa na njia ndefu milimani na abiria hawatoshi, akawajengea matajiri pa kulala ili wakate tiketi. Mie lakini naipenda zaidi Château Frontenac, hoteli nyingine ya reli kule mji wa Quebec, ya 1893, Churchill na Roosevelt walikutana mji huo 1943 vita imepamba moto.

mzururaji: Quebec ni ndege nyingine kaka, mfuko hauruhusu.

bibi_wa_alberta: Basi Banff. Na mkate kibali cha hifadhi, mji wote uko ndani ya hifadhi ya taifa.