Mrejesho: kaseti ya babu ya Kinyakyusa

Wakuu, niliahidi kurudi. Mimi ndiye yule wa Tandika niliyeuliza namna ya kuisikiliza kaseti aliyoacha marehemu babu, wakati Kinyakyusa chenyewe sikijui, na mzee alikuwa anatupiga nacho sisi wajukuu tukabaki kucheka tu.

Aliyesema nisiicheze kwanza, niipeleke kwa fundi, Mungu akubariki. Fundi wa Kariakoo aliifungua, utepe umeota ukungu. Upande wa kwanza umepona, sasa uko kwenye simu. Upande wa pili umekatika vipande, tumeukosa. Imeniuma.

Ushauri wa kumtafuta mzee wa Rungwe, huko kwa Wanyakyusa, ndio uliozaa matunda. Programu ya kutafsiri niliijaribu, ikaleta vioja. Nikampata bibi mmoja Mbagala, kwao Tukuyu hukohuko Rungwe, nikamwekea sauti. Alisikiliza macho kafumba, mara akacheka peke yake: "Babu yako anailalamikia baridi ya kambini!" Kumbe anasimulia ujenzi wa reli ya TAZARA, mambo ya miaka ya 1970. Sisi tulijua alikuwa mkulima wa ndizi, basi.

Halafu lile "ndaga" lake, nililodhani ni "karibu". Bibi anasema ni asante, na pia ni pole. Kila nikimpelekea chai mzee alikuwa ananishukuru, mimi namjibu "nimeshakaribia".

Majina mawili bibi hakuyashika, ila dakika 28 tunazo. Ndaga fijo, wote mliochangia.