Tupeane uzoefu: Kutundika picha za familia sebuleni ni ushamba?

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimehamia nyumba ya kupanga huku Mbezi, na kitu cha kwanza kukitoa kwenye boksi kilikuwa picha yangu ya mahafali. Nimevaa joho, mama kulia, baba kushoto na suti ya kuazima. Nikagongelea msumari sebuleni. Jioni akapita jamaa wa kazini, akaitazama, akasema, "Kaka, bado mnatundika majoho?" Tukacheka wote. Alipoondoka nikaishusha, nikaiweka chumbani nyuma ya mlango. Tangu hapo roho inanisuta.

Nimekulia Tukuyu kwenye nyumba ambayo ukuta ndio ulikuwa albamu. Fremu nne kubwa, kila moja ina picha ndogondogo zaidi ya kumi zimebanwa chini ya kioo kimoja: kipaimara cha dada, mjomba akiwa JKT, paspoti saizi za watu ambao hadi leo siwajui. Zilikuwa juu kabisa karibu na dari, zimeinamia mbele kama zinakuchungulia. TV hatukuwa nayo; Tanzania Bara yenyewe vituo vya TV vimeanza 1994. Mgeni akifika, chai haijachemka, ameshasimama anauliza, "Na huyu nani?" Mama anaeleza. Ukoo wangu nimeujulia hapo, nikiwa nimekaa chini nasikiliza majibu ambayo hayakuwa yangu.

Sasa ingia kwa wenye nazo, Masaki au Mikocheni. Ukuta mweupe, mchoro mmoja wa Tingatinga, basi. (Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, anachora kwenye vipande vya hadibodi. Leo mchoro huo ndio unaonyesha umestaarabika, na picha ya bibi yako ndiyo inaonyesha umetoka bara!) Familia yao ipo, ila koridoni au chumbani. Isipokuwa moja ambayo haifichwi kamwe: baba mwenye nyumba anapeana mkono na Rais. Ndipo nikaanza kuhisi kwamba kinachopimwa pale ukutani ni nani uliyesimama naye.

Kwenu ilikuwaje?

Mdau, Unguja

Mkuu, hiyo mizani yako huku haipimi. Kwetu sebuleni hakuna picha ya mtu, maskini wala tajiri, kwa sababu ya dini. Utakuta Ayatul Kursiyyu (aya ya Kurani), picha ya Kaaba, na saa. Picha za watu zipo kwenye albamu ndani ya kasha la bibi, na hutolewa kwa mgeni wa karibu tu. Ukionyeshwa, jua umeshakuwa mtu wa nyumba.

Ila usidhani hatujui kujionyesha. Nyumba za mawe za zamani, Lamu na hapa Mji Mkongwe, zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na mule watu walipanga sahani za Kichina. Hakuna aliyekula wali kwenye sahani zile. Bibi yangu alibakiwa na moja, ina ufa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuipulizia vumbi.

Mdau, Dodoma

Nilifanya kazi za ndani Upanga miaka mitatu. Kila Jumamosi nilikuwa nafuta fremu. Walikuwa na picha ya birthday ya mtoto wao, kubwa, nzuri. Siku ilipopigwa mimi ndiye niliyembeba, maana alikuwa analia. Iliporudi kutoka kwa fundi nilikuwa nimekatwa, umebaki mkono wangu tu chini ya makalio ya mtoto. Nimeufuta vumbi ule mkono mpaka nilipoacha kazi.

Mdau, Uingereza

Pole sana dada.

Mimi nahudumia wazee majumbani huku, kwa hiyo sebule nimeziona nyingi. Tofauti na tunavyodhani, wazungu wanaweka sana picha za familia, ila mezani, kwenye fremu za kusimama. Marehemu Malkia Elizabeth mwenyewe akitoa hotuba ya Krismasi kwenye TV, picha za familia zilikuwa zimepangwa pembeni yake, na watu walikuwa wanahesabu nani yupo na nani hayupo. Sasa huyo jamaa wa ofisini angemwambia Malkia nini?

Mdau, Mwanza

Mimi ni fundi fremu. Acheni niseme ninachokiona kibandani.

Wateja wa mjini siku hizi wanakuja na picha ya harusi ichapwe kwenye turubai, hawataki kioo. Wa vijijini wanaleta simu: kuna picha ya mzee, imekatwa kwenye kundi la watu, haionekani vizuri, ikuzwe haraka maana msiba uko nyumbani. Fremu nyingi ninazouza ni za marehemu. Baada ya arobaini ndiyo inaingia sebuleni.

Na kuhusu fremu za zamani alizozitaja mtoa mada: picha ikikaa miaka kwenye unyevu inagandia kwenye kioo. Msiivute! Ukivuta, sura inabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi. Iache hapo hapo, ipigwe upya juu ya kioo mahali penye kivuli, kisha ichapwe nyingine. Na ukuta unaopigwa jua la mchana msitundike picha ya rangi, itapauka halafu ipotee.

Mdau, Moshi

Kwetu baba alishusha picha ya shangazi walipogombania shamba. Walipopatana ikarudi. Ule mstatili mweupe ulivyokuwa unaonekana ukutani, wageni wote walijua kuna kesi.

Mtoa mada

Mrejesho wakuu. Nimempigia mama kumuuliza habari za zile fremu nne. Ananiambia hazipo ukutani tangu mwaka jana. Mdogo wangu alipaka nyumba rangi, akamwambia picha zinachafua ukuta. Na mdogo wangu huyo, fedha ya rangi nilimtumia mimi, tena nilimwambia "pafanye pawe pa kisasa." Zipo kwenye gunia la mchele juu ya kabati.

Wiki ijayo nazifuata. Fundi wa Mwanza, Tukuyu mpaka Dar kwa basi, vioo vinabebwaje?

Mdau, Mwanza

Usivitoe kwenye fremu. Funga kila moja na khanga, katikati weka makaratasi ya boksi, zisimame wima, usizilaze. Na usikubali ziingie kwenye buti hata konda akikufokea. Kata siti mbili.